Ghala na Jiko Chini ya Paa Moja: Kompyuta ya Kikundi Ifanye Kazi Zote au Tuzigawe?



Siku hizi si ajabu kukuta kompyuta katika ofisi ya kikundi. Kuanzia Voi mjini hadi Mwatate, Wundanyi na Taveta, daftari la akiba limeanza kuhamia kwenye mashine. Kisha kijana aliyesomea kompyuta anarudi nyumbani, anaziangalia zile mashine kuukuu, na kwenye kikao anatoa wazo: "Tununue moja yenye nguvu, ifanye kazi zote." Mwenzake anapinga: "Hapana, kumbukumbu zikae kwenye mashine yake peke yake." Kikao kinagawanyika. Mwekahazina anauliza bei. Wazee wananyamaza kwa sababu maneno ni mageni kwao.

Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili kwa lugha ya kawaida, kwa maana si la mafundi peke yao. Ndani ya mashine hiyo mna hisa za wanachama na deni la kila mmoja. Mna majina ya warithi walioandikishwa ili mwanachama akifariki jamaa zake wapate haki yao. Mna picha za mashamba yaliyokanyagwa na ndovu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inampa mkulima haki ya kudai fidia, lakini dai bila fomu na bila picha ni vigumu kulisimamisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari likiwa ndani ya mashine, basi mashine ikipotea na mali iko mashakani.

Swali lenyewe ni hili: mashine inayohifadhi vitu na mashine inayofanya kazi, ziwe moja au ziwe mbili?

MANENO MATATU YA KUELEWANA

Neno la kwanza ni seva. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haikai mbele ya mtu mmoja. Inakaa pembeni, imewashwa, na kompyuta nyingine pamoja na simu zinaiomba vitu: "Nipe daftari la mwezi wa tatu," "Nipe somo la hesabu la darasa la saba." Si lazima iwe kubwa. Hata kompyuta ya ofisi iliyotumika miaka mitano inaweza kufanywa seva.

Neno la pili ni hifadhi. Hii ni kazi ya kutunza tu. Hapa ndipo kwenye diski, na ndipo kwenye programu inayozilinda diski hizo. Tuiite ghala. Sifa ya ghala ni kwamba halina haraka: ulichokiweka jana ukikute leo, kikiwa kilekile.

Neno la tatu ni kompyuta pepe. Kama tunavyosema barua pepe kwa barua isiyo na karatasi, kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake mwenyewe. Chukua mfano wa nyumba ya kupangisha. Paa ni moja, tangi la maji ni moja, lakini vyumba ni sita, na kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake. Mpangaji wa chumba cha pili akipika ugali, wa chumba cha tano hasumbuki. Ndivyo ilivyo. Mashine moja ya chuma huwekewa programu ya "mwenye nyumba", na mwenye nyumba huyo huikata mashine vipande vipande: hapa kompyuta pepe ya hesabu za kikundi, hapa ya masomo ya watoto, hapa ya vijana kujifunzia. Moja ikiharibika, unaifuta na kuijenga upya bila kuzigusa zile nyingine.

Jambo hili si geni duniani. Kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa ikilifanyia kazi katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wa VM/370 kwa ajili ya mashine zake kubwa. Wakati huo mashine moja ilijaza chumba, ikabidi watu wengi waigawane. Leo kazi hiyo inafanyika kwenye kisanduku kinachokaa juu ya kabati, na programu zake nyingine ni za bure. Proxmox, inayotengenezwa Vienna, Austria, tangu 2008, ni mojawapo ya programu za mwenye nyumba. TrueNAS, ambayo mizizi yake ni FreeNAS ya mwaka 2005, ni mojawapo ya programu za ghala.

KUUNGANISHA KUNA UZURI WAKE

Tusiwacheke wanaosema mashine moja inatosha. Wazee wetu wengi waliweka mahindi darini, juu ya moto wa jiko. Ghala na jiko vilikuwa chini ya paa moja, na palikuwa na sababu: moshi ulikausha nafaka na kufukuza wadudu. Kuunganisha kulikuwa na faida.

Vivyo hivyo kwa mashine. Faida ya kwanza ni bei. Unanunua mashine moja, kisanduku kimoja cha betri cha kuzuia kuzimika ghafla, na meza moja. Ya pili ni stima, na hesabu yake tutaipiga hapa chini. Ya tatu ni wepesi: kazi ikiwa karibu na ghala, data haisafiri kwenye waya. Ya nne, mtunzaji ana mashine moja ya kufuta vumbi, na sote tunalijua vumbi jekundu la Voi.

Kwa kikundi cha wanachama 20 au 30, chenye daftari la akiba, mikopo midogo na masomo ya watoto wakati wa likizo, mashine moja inatosha kabisa. Anayewaambia lazima mnunue mbili ndipo muanze, mwulizeni vizuri.

LAKINI MOTO WA JIKO NI ULEULE

Dari lile lilikuwa na hatari yake pia. Moto ukipanda, chakula cha mwaka mzima kinateketea pamoja na nyumba. Kwa mashine iliyounganishwa, hatari ni tatu.

Kwanza, kazi husumbua na ghala husumbuliwa. Kompyuta pepe zinajengwa, zinabomolewa, zinazimwa, zinawashwa. Kijana anataka kujaribu programu mpya, mashine inagoma, anaizima kwa kidole. Kwa mashine ya kazi hilo ni kawaida. Kwa ghala ni hatari, maana diski inayokatwa stima ikiwa katikati ya kuandika inaweza kuacha daftari limeandikwa nusu. Mshika mbili, moja humponyoka.

Pili, kuna kugombania memori. Memori ni ile nafasi ya muda ambayo mashine hufanyia kazi, kama meza ya karani. Tuseme mmepata mashine yenye memori ya gigabaiti 16. TrueNAS peke yake hutaka zisizopungua 8. Mwenye nyumba naye mwekeeni 2. Zinabaki 6 za kugawia wapangaji wote. Kompyuta pepe ya hesabu ikichukua 2 na ya masomo 4, meza imejaa. Kijana akitaka ya kujifunzia, ama akose ama zote zipungukiwe na zianze kujikokota. Kabla ya kununua, pigeni hesabu hii kwenye karatasi, msiulize tu "mashine ina nguvu?"

Tatu, kuna fundo ambalo mafundi wengi wachanga hawalioni mpaka siku ya siku. Mwingine huweka programu ya ghala ndani ya kompyuta pepe, yaani ghala linakuwa mmoja wa wapangaji. Halafu wapangaji wengine wote wanaweka vitu vyao ndani ya ghala hilo. Stima ikipotea na kurudi, kila mmoja anamsubiri ghala aamke. Ghala asipoamka, hakuna anayeamka. Ni kama kufungia ufunguo wa ghala ndani ya ghala.

Kwa sababu hiyo, kikundi kidogo kikiamua kuunganisha, ni rahisi zaidi mwenye nyumba mwenyewe ashike ghala, asimpe mpangaji. Proxmox inaweza kufanya hivyo. Na kama fundi anasisitiza ghala liwe ndani ya kompyuta pepe, mambo mawili yafanyike: ghala likabidhiwe diski zake nzima, lisigawane na mtu, na lipangwe liwe la kwanza kuamka, wengine wasubiri dakika chache.

KUTENGANISHA NAKO KUNA GHARAMA

Sasa tuwasikilize wanaosema mashine mbili. Hoja yao ni nzuri. Ghala likiwa peke yake, halina sababu ya kuzimwa kila mara. Hakuna anayelijaribia programu. Mashine ya kazi ikiungua, unanunua nyingine yoyote, unaiunganisha na ghala, na maisha yanaendelea.

Kuna sababu nyingine ambayo vikundi havina budi kuijua. Programu za kazi hubadilika, na mwenye nazo anaweza kubadilisha masharti. Mwishoni mwa 2023 kampuni ya Broadcom iliinunua VMware, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa programu za mwenye nyumba. Februari 2024 toleo la bure ambalo watu wengi walilitumia majumbani likaondolewa. Likarudishwa Aprili 2025, lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja wengi walikuwa wameshahama. Aliyekuwa na ghala lake pembeni alihama kwa urahisi. Aliyekuwa amechanganya kila kitu alihama na mzigo kichwani.

Lakini kutenganisha si dawa ya kila kitu. Kompyuta pepe zikifanya kazi kwenye mashine ya kwanza huku diski zake ziko kwenye mashine ya pili, sasa ukitaka kazi iendelee ni lazima mashine zote mbili ziwe hai, na waya, na swichi katikati. Badala ya kitu kimoja cha kuharibika, mna vinne. Nyumba mbili si lazima ziwe na usalama zaidi ya moja, ikiwa kila moja inamtegemea mwenzake.

Halafu kuna njia ya kati yao. Swichi na waya wa kisasa, ule wa gigabiti, hupitisha megabaiti kama 110 kwa sekunde. Kunakili terabaiti moja huchukua saa mbili na nusu hivi. Swichi ya zamani, ambayo bado imejaa madukani na ofisini, hupitisha kama 11 tu, na kazi ileile itachukua zaidi ya siku nzima. Mkitenganisha ghala na kazi kisha mkaweka swichi ya zamani katikati, mtadhani mashine ni mbovu, kumbe ni mlango mwembamba.

HESABU YA STIMA

Tupige hesabu, kwa sababu bili hii inalipwa kila mwezi.

Kompyuta kuukuu ya ofisi, ikiwa imewashwa bila kazi nzito, tuseme inakula wati 60. Mchana na usiku ni wati 60 mara saa 24, yaani karibu uniti moja na nusu kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 43. Tukikadiria uniti moja kwa shilingi 25, ni shilingi 1,080. Mashine mbili za namna hiyo ni shilingi 2,160 kila mwezi, na kwa mwaka ni 25,920. Hizo ni pesa ambazo zingemkopesha mwanachama.

Sasa angalia kisanduku kidogo, zile kompyuta ndogo za mezani, chenye kula wati 15. Kwa mwezi ni uniti 11 hivi, na bei haifiki shilingi 280. Kwa hiyo mkiamua kuwa na mashine ya pili kwa ajili ya ghala, isiwe kompyuta nyingine kubwa kuukuu ya bure. Ya bure hiyo mtailipia kwa tokeni. Ghala halihitaji nguvu, linahitaji kukaa macho bila kula sana. Kwa wanaotumia sola tofauti hii ni kubwa zaidi, maana kila wati ya usiku inatoka kwenye betri.

Na hewa pia muitazame. Voi iko kwenye mita 600 hivi juu ya bahari na joto lake tunalijua. Wundanyi iko karibu mita 1,400, kuna ubaridi na ukungu. Adui wa diski huko chini ni joto na vumbi, huko juu ni unyevu. Voi, msiifungie mashine ndani ya kabati lisilo na tundu. Milimani, msiiweke sakafuni wala kwenye ukuta unaotoa maji.

JAMBO LILILO KUBWA KULIKO MASHINE

Sasa tumefika mahali ambapo tungependa kila kikundi kitulie kidogo.

Katika mabishano ya mashine moja au mbili, mara nyingi jambo kubwa linasahauliwa. Kabla ya kutenganisha mashine, tenganisheni vitu vyenyewe. Kaeni na katibu, fungueni kompyuta, na kila mlichonacho kiwekeni kwenye fungu moja kati ya mawili.

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo vikipotea havipatikani tena popote duniani: daftari la akiba, mikopo, orodha ya wanachama na warithi, kumbukumbu za mikutano, picha na fomu za madai ya ndovu, barua za ardhi.

Fungu la pili ni vitu ambavyo vikipotea vinasumbua, lakini vinapatikana tena: programu zenyewe, masomo ya Kolibri, kamusi elezo ya Wikipedia inayosomwa bila intaneti kwa Kiwix, filamu, na hata kompyuta pepe zenyewe, ambazo fundi anaweza kuzijenga upya kwa siku moja au mbili.

Mtashangaa. Fungu la pili ndilo linalojaza diski. Fungu la kwanza, ukiacha picha, ni dogo sana. Daftari la kikundi cha watu 30 kwa miaka kumi huenda lisijaze hata sehemu ndogo ya flashi ya bei rahisi. Kile kisichoweza kupatikana tena ndicho chepesi kubeba. Hakuna kikundi kinachoweza kusema hakina pesa za kukilinda.

DISKI PACHA SI NAKALA

Mafundi watawaambia: "Msiwe na wasiwasi, nimeweka diski mbili, zote zinaandika kitu kilekile." Hizo ni diski pacha, na ni jambo zuri. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi haisimami.

Lakini pacha hufanya kila anachofanya mwenzake. Mtu akifuta daftari kwa bahati mbaya, linafutwa kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Virusi vikiingia, vinaingia zote. Mwizi akibeba mashine, kabeba zote. Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150, vikafunga mafaili ya watu na kudai malipo ndipo yafunguliwe. Diski pacha haikumsaidia mtu hapo. Aliyesaidika ni yule aliyekuwa na nakala iliyochomolewa na kuwekwa kando.

Tena tukumbuke Strasbourg, Ufaransa, Machi 10, 2021. Jengo moja la seva la kampuni ya OVHcloud liliteketea kwa moto usiku. Hao si watu wa mashine moja juu ya kabati, ni kampuni kubwa. Wateja ambao nakala zao zilikuwa mahali pengine walirudi kazini. Wengine nakala zao zilikuwa hapohapo palipoungua, na data yao haikurudi tena. Walikuwa na mashine nyingi, tena zimetenganishwa. Walichokosa ni umbali.

Kanuni inayotumika duniani ni rahisi kukumbuka: tatu, mbili, moja. Nakala tatu za kila kitu cha fungu la kwanza, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine kabisa. Kwa kikundi chetu, ya kwanza iko ndani ya mashine. Ya pili iko kwenye diski ya nje, inayochomekwa siku ya kunakili tu na kuchomolewa. Ya tatu iko kwenye flashi nyumbani kwa kiongozi anayekaa mbali na ofisi, au kwenye wingu.

Wingu ni seva za watu wengine zinazofikiwa kwa intaneti. Ni msaada mzuri kwa ile nakala ya mbali. Lakini lisiwe tegemeo peke yake. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya na majirani zake ikawa ya kuvutavuta kwa siku kadhaa. Siku ya mgao wa akiba haingojei waya kutengenezwa baharini.

NJIA TUNAYOPENDEKEZA

Kwa kufuata yote haya, sisi tunashauri vikundi viende hatua kwa hatua, kwa utaratibu huu.

1. Anzeni na nakala, siyo na mashine. Hata kama leo mna kompyuta moja tu ya zamani, nunueni diski ya nje na flashi mbili. Chagueni siku, kwa mfano siku ya kila kikao, katibu anakili na mwekahazina ashuhudie. Waandike kwenye kitabu tarehe na sahihi.

2. Jaribuni kurudisha. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Mara moja kila miezi mitatu, chukueni flashi, ifungueni kwenye kompyuta nyingine, na msome daftari la mwanachama mmoja kwa sauti. Likisomeka, mko salama. Lisiposomeka, afadhali mjue leo.

3. Mkiweza kununua seva, unganisheni. Mashine moja, memori ya kutosha, diski pacha, kisanduku cha betri cha UPS. Mwenye nyumba ashike ghala. Daftari la kikundi likae kwenye chumba chake, na vijana wapewe chumba kingine cha kujifunzia, ambacho wakikibomoa hawagusi la wazee. Hapo ndipo kompyuta pepe inapoonyesha faida yake: vijana wanapata uhuru wa kujaribu, na wazee wanapata amani.

4. Mashine ya pili iwe ghala. Siku pesa zikipatikana, msinunue nyingine ya kazi. Nunueni kisanduku kidogo chenye kula stima kidogo. Kwa mwaka wa kwanza kiwe cha kupokea nakala tu, kila usiku. Kikiwezekana, kisikae chumba kimoja na seva.

5. Tenganisheni kabisa wakati kazi imekua. Mkifika mahali ambapo mna saiba ya watu wengi, ofisi mbili, au kazi ya kila siku inayolipiwa, hapo hamishieni ghala lote kwenye mashine yake, kwa swichi ya gigabiti. Hata hapo, vile vipande vidogo vya kompyuta pepe viachwe kwenye diski ya mashine ya kazi, ili ghala likipumzika kazi isife yote.

Kikundi kinachofanya la 1 na la 2 peke yake kiko salama kuliko chenye seva mbili zinazong'aa na hakina nakala.

WATU NDIO UFUNGUO

Mwisho, tuseme juu ya watu. Mara nyingi mashine haifi, bali anayeijua anaondoka. Kijana aliyeijenga anapata kazi Mombasa au Nairobi, anapanda gari la moshi, na neno la siri linaondoka naye. Hatumlaumu kwa kutafuta maisha. Lakini kikundi kinabaki kimefungiwa nje ya daftari lake.

Kwa hiyo maneno ya siri yaandikwe kwenye karatasi, yatiwe ndani ya bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi na viongozi watatu, na itunzwe na mwenyekiti. Watu wawili wafundishwe kunakili na kurudisha, mmoja wao awe mama au mzee ambaye hana mpango wa kuhama. Na fundi, kabla hajalipwa malipo ya mwisho, achore kwenye karatasi moja ya daftari: mashine ipi inafanya nini, diski ipi ina nini, ipi huwashwa kwanza. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani. Neno la siri lisibandikwe.

Tukumbuke pia kwamba tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data. Majina ya wanachama, namba za vitambulisho na namba za simu ni mali yao, kikundi kimeaminiwa kuvitunza. Flashi yenye orodha hiyo isizungushwe saiba ikichapishiwa barua, wala isiazimwe mtoto akaweke nyimbo. Iwe na kazi moja, jina lake liandikwe juu yake, na kufuli.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikiibiwa usiku wa leo, kesho asubuhi tutaweza kumwambia kila mwanachama ana akiba kiasi gani? Tutaitoa wapi habari hiyo?

2. Ni vitu gani vyetu viko katika fungu la kwanza? Katibu aviorodheshe mbele ya wote.

3. Nani anajua neno la siri? Akisafiri mwezi mzima, nani mwingine?

4. Kwa hali yetu ya pesa na stima, tuko hatua ya ngapi kati ya zile tano, na hatua inayofuata itatugharimu shilingi ngapi kwa mwezi?

Mkilijibu la kwanza bila kusitasita, endeleeni na mipango ya mashine bila hofu. Mkisitasita, wekeni mipango hiyo kando kwa kikao kimoja, mtoe pesa ya flashi mbili, na katibu aanze kunakili siku hiyohiyo.